Wajukuu wa Bi Mwanaidi: Mjomba anataka kurudi kwenye fegi

*Mjomba Shabani:* Assalaam alaykum wanafamilia. Nawataarifu rasmi kwamba kesho narudi kwenye fegi zangu. Niliacha, mkanishangilia humu na maua mkanitumia. Sasa nakohoa mpaka mbavu zinauma. Nilipokuwa navuta sikuwa hivi.

*Mama Salma:* Msimsikilize huyo, anatafuta sababu.

*Kassimu:* Shikamoo mjomba, pole. Ila mwili ukishazoea kitu ukaukatishia ghafla, unaumwa kweli. Kuna mzee hapa Kariakoo aliacha sigara, mwezi haujaisha tukamzika.

*Mama mdogo Zuhura:* Kassimu na habari zako za kijiweni 🙄 Huyo mzee aliacha kwa sababu alishakuwa mgonjwa.

*Rehema:* Shikamooni. Ndo natoka zamu ya usiku, niko kwenye mwendokasi nimesimama, nitaandika kidogo kidogo.

*Rehema:* Mama mdogo kapatia. Wengi wanaacha wakiwa wameshazidiwa, halafu lawama inaangukia kule kuacha.

*Rehema:* Mjomba, kwenye njia za hewa kuna vinyweleo vidogo sana, kazi yake kusukuma makohozi na vumbi vitoke. Moshi unavilemaza. Ukiacha vinaanza kazi tena, ndo maana wengine wanakohoa zaidi wiki za mwanzo. Baadaye kikohozi na kuhema vinapungua, kuanzia mwezi wa kwanza mpaka wa tisa hivi.

*Mjomba Shabani:* Miezi tisa! Kwani nina mimba?

*Mama Salma:* 😂😂😂

*Rehema:* 😂 Mengine hayachelewi hivyo. Dakika 20 baada ya fegi ya mwisho, mapigo ya moyo yanaanza kushuka. Na ile sumu ya monoksidi ya kaboni, hiyo hiyo inayoua watu waliolala na jiko la mkaa chumbani, inakalia nafasi ya oksijeni kwenye damu. Siku moja mbili inakuwa imetoka.

*Mjomba Shabani:* Mwanangu, nina miaka 58. Nilianza Mwalimu bado yuko Ikulu. Kilichoharibika kimeshaharibika.

*Rehema:* Hapana mjomba. Uingereza waliwafuatilia madaktari wanaume kuanzia 1951, kwa miaka 50. Walioacha wakiwa na 60 walipata wastani wa miaka kama 3 zaidi ya walioendelea kuvuta. Walioacha na 50, kama 6. Na 30, kama 10.

*Mama mdogo Zuhura:* Kassimu una miaka mingapi vile?

*Kassimu:* Mimi fegi sivuti. Shisha tu, tena wikiendi. Moshi unapita kwenye maji.

*Rehema:* Maji yanaupoza moshi, sumu inabaki. Unavuta mwingi zaidi kwa sababu haukuchomi koo.

*Kassimu:* Basi tuendelee na mjomba 🏃

*Mjomba Shabani:* Nikubaliane nanyi nusu. Moja tu asubuhi na kahawa. Si dukani wanauza moja moja?

*Rehema:* Moyo hauna hesabu hiyo. Hata moja kwa siku inaudhuru sana, ukipunguza kutoka 20 hadi moja hatari haishuki kwa kiasi hicho. Ukikaa mwaka bila hata moja, ile hatari ya ziada ya ugonjwa wa moyo inashuka kama nusu.

*Mama Salma:* Na mimi niseme. Mashuka hayanuki, na mjukuu mwenye pumu sasa anakaa mapajani kwa babu yake. Ila ukali jamani! Juzi kagombana na jogoo wa jirani.

*Mjomba Shabani:* Jogoo yule hana adabu.

*Rehema:* Ukali unapita mjomba, siku za mwanzo ndo kali. Hamu ikija, inadumu dakika chache tu. Kunywa maji, tafuna karanga, toka nje utembee kidogo, lakini usielekee kijiweni.

*Rehema:* Halafu hicho kikohozi kimeanza lini hasa?

*Mjomba Shabani:* Nilipoacha.

*Mama Salma:* Mwongo! Mwezi uliopita alikuwa anakohoa, na usiku analowa jasho. Ndo kilichomtisha akaacha.

*Rehema:* Eh! Basi mambo ya vinyweleo tuyaweke pembeni. Kikohozi kinachozidi wiki mbili, na jasho la usiku, ni kupima makohozi. Wavutaji wanapata kifua kikuu kirahisi zaidi. Kupima bure, dawa bure, na kinapona ukimaliza dozi. Na ukiwa kwenye dawa ndo usiguse fegi kabisa.

*Mjomba Shabani:* Mnanitafutia magonjwa.

*Mama mdogo Zuhura:* Kaka, nenda. Zahanati iko hapo hapo Tandika, si safari ya Mbeya.

*Mama Salma:* Rehema, na mtoto je? Wanakaa pamoja.

*Rehema:* Mwambieni mhudumu kuna mtoto nyumbani, atawaelekeza. Kwa sasa fungueni madirisha, na mjomba azibe mdomo akikohoa.

*Kassimu:* Mjomba nakupitia saa mbili na pikipiki. Ila vaa barakoa, usinikoholee kisogoni.

*Mjomba Shabani:* Njoo saa moja na nusu, foleni ya pale naijua. Na hiyo shisha tutaiongea njiani.

*Kassimu:* Njiani kuna upepo mjomba, sisikii 😅