Chavua ya nyuki kwa mama mgonjwa: nimpe au nimzuie?

Binti wa Wete

Assalamu alaikum, ndugu zangu. Ninaishi na mama yangu mzazi, mwenye umri wa miaka 66, hapa Wete. Tangu atoke hospitali amedhoofika na hamu ya chakula imemtoka, na alipopimwa tuliambiwa damu yake ni pungufu, akapewa vidonge vya madini ya chuma. Pamoja na hivyo hutumia warfarini, dawa ya kuzuia damu isigande, kila jioni, kwa sababu mwaka jana damu iliwahi kumganda mguuni. Sasa wiki iliyopita shangazi amemletea chupa ya chembe za manjano na rangi ya chungwa, akamwambia kuwa ni chavua ya nyuki, ale vijiko vitatu kwa siku, na kwamba akishaizoea ataweza kuacha vidonge vyote. Mama ameifurahia mno, maana wifi yake huyo anampenda sana, nami sipendi kumvunja moyo, ila hilo la kuacha vidonge limeninyima usingizi. Naomba kuelezwa chavua ina faida gani hasa na huliwaje. Mwanangu wa miaka tisa, ambaye ana pumu, naye ameanza kuiomba.

Mfugaji wa Konde

Waalaikumu salaam, dada. Mizinga yangu ipo karibu na msitu wa Ngezi, na mingine nimeiweka pembezoni mwa mikoko, kwa hiyo nitasema ninayoyaona kazini. Chavua ni unga wa maua ambao nyuki huukusanya, akauchanganya na mbochi, yaani maji matamu ya maua, na mate yake, akaufinyanga kuwa vidonge vidogo na kuvibeba kwenye miguu ya nyuma. Sisi huweka mtego mlangoni mwa mzinga, nao ni kibamba chenye matundu ya milimita 5 hivi. Nyuki anapojipenyeza, mzigo wake humdondoka na kuangukia kwenye trei. Kila ua lina rangi yake, hivyo chupa yenye rangi mchanganyiko isikutie shaka. Mtego huo hatuuachi mlangoni siku zote, kwa kuwa chavua ndiyo chakula cha majana, yaani watoto wa nyuki, na asali peke yake haiwakuzi. Anayevuna bila kiasi huliua kundi lake mwenyewe.

Kinachonitia wasiwasi ni unyevu. Chavua mbichi hubeba maji ya asilimia 20 hadi 30 ya uzito wake, na kwa hewa yetu ya visiwani, hasa wakati wa masika, huota kuvu upesi sana isipowekwa kwenye baridi au kukaushwa kwa joto dogo, lisilozidi nyuzi 40. Muulize shangazi ilikaushwa vipi. Tikisa chupa: chembe nzuri huteleza moja moja, na zikishikamana kama tende au zikitoa harufu ya uchachu, usimpe mtu yeyote.

Mwalimu wa Lishe, Chake

Mfugaji ameeleza vyema. Kwa upande wa lishe, chavua ni chakula cha kweli: kiasi cha moja ya tano ya uzito wake huwa ni protini, ingawa hupanda na kushuka kulingana na maua, na ndani yake mna vitamini za kundi B, karotenoidi, potasiamu, zinki na chuma. Hata hivyo tuangalie kiasi kinacholiwa. Kijiko kidogo kina gramu 5 hivi, yaani protini ya gramu moja, ilhali yai moja lina gramu 6. Mama aliyepungukiwa na damu atanufaika zaidi na dagaa, nyama, maini na mbaazi kuliko vijiko vitatu vya chavua. Ganda la nje la chembe hizo nalo ni gumu, ndiyo maana wanaoila huiloweka usiku kucha katika maji au mtindi, au huisaga, ili tumbo liweze kuifikia lishe iliyomo. Nikumbushe pia jambo ambalo hukuliuliza: vidonge vya chuma asivinywe pamoja na chai, kwa kuwa chai huzuia chuma kuingia mwilini.

Mfamasia wa Mjini

Dada, usimpe bado. Imewahi kuripotiwa kuwa chavua iliongeza nguvu ya warfarini kwa mgonjwa, na nguvu hiyo ikizidi mtu huweza kutoka damu ndani ya mwili bila kujua. Daktari wake aambiwe kwanza, na dawa yoyote isiachwe. Mtoto mwenye pumu usimpe kabisa, kwani mzio wa chavua unaweza kuibana pumzi yake ghafla.

Mkaazi wa Makunduchi

Nathibitisha hilo la mzio. Asali nimeila tangu utotoni na nyuki wameniuma mara nyingi bila ya madhara, lakini nusu kijiko cha chavua kilinivimbisha midomo na koo kwa dakika chache, nikakimbizwa kituo cha afya. Kula asali salama hakumaanishi kuwa chavua itakupokea.

Binti wa Wete

Nawashukuru nyote, Mungu awalipe kheri. Nimeitikisa chupa, na chembe za chini zimegandamana. Nilimpigia shangazi nikamsomea maneno ya mfamasia na ya mfugaji. Alinyamaza kidogo, kisha akasema hakujua kuwa wifi yake anatumia dawa ya damu, na akaniomba niifukie. Mama nimemweleza mbele ya shangazi mwenyewe, ili asidhani kwamba nimeikataa zawadi yake. Alkhamisi tunakwenda kupima tena muda wa damu kuganda, kwa sababu vijiko viwili alikuwa ameshavila, na shangazi amesema atafuatana nasi. Leo asubuhi amekuja na maini ya ng'ombe, na mama amekula.