Herufi ya samaki watatu (鱻) inatoka kiboksi, mteja anataka mwandiko wa mihuri

mabango_kkoo
Wakuu, habari za kazi. Mteja Mchina anafungua mgahawa wa samaki Mikocheni. Anataka bango la herufi moja, 鱻, kwa mwandiko wa kale wa mihuri (ule unaochongwa kwenye mihuri ya Kichina), kimo sentimita 30, stika ya kukatwa kwa mashine. Fonti ya mihuri niliyopakua inatoa herufi nyingine vizuri, hii inatoka kiboksi kitupu. Nipange 鱼 (samaki) tatu, moja juu mbili chini? Na maana yake hasa ni nini?

wino_mweusi
Mkuu, kiboksi maana yake fonti haina umbo hilo, kompyuta yako haina shida. Fonti nyingi za mapambo hufuata orodha ya GB2312, kiwango cha China cha herufi za kompyuta cha mwaka 1980, yenye herufi 6,763 tu, na 鱻 haimo. Hata 镕 ya jina la Zhu Rongji, aliyekuwa waziri mkuu wa China, haimo.

Kupanga tatu ni sawa, ila si 鱼. Huo ni ufupisho uliorasimishwa karne ya 20, na mstari wake wa chini haukuwepo kwenye mihuri. Tumia umbo la mihuri la 魚, herufi ya samaki isiyofupishwa. Vile vinukta vinne vya chini ni mkia. Kwenye 熱 (joto) vinukta kama hivyo ni moto, ndiyo maana wengi huchanganya. Ukitazama mifupa ya ramli (maandishi ya kale zaidi ya Kichina) ya enzi ya Shang, kutoka Anyang nchini China, utaona samaki mzima: kichwa, magamba, mapezi, mkia uliogawanyika mara mbili.

mtaa_wa_kongo
Maana: samaki mbichi, hajaanza kuharibika. Ndivyo alivyoieleza Xu Shen katika Shuowen Jiezi, kamusi ya mwaka 100 BK hivi yenye herufi 9,353. Humo 鮮 ni jina la aina ya samaki tu, baadaye ndiyo ikachukua kazi ya 鱻. Zote husomwa xiān. Kwa mgahawa wa samaki, mteja amechagua vizuri sana.

Umbo la kuigiza litoe humo humo: kila herufi inaanza na sura yake ya mihuri. Tafuta picha za toleo la kamusi hiyo lililohaririwa na Xu Xuan mwaka 986, usiamini fonti za bure. Nyingi zimetengenezwa kwa herufi za kisasa zilizofupishwa: ukiandika 后 ukikusudia "nyuma" inakutolea "malkia", kwa sababu "nyuma" ya zamani ni 後.

mabango_kkoo
Asanteni sana. Na unene wa mistari?

wino_mweusi
Mwandiko huu mistari yote ina unene mmoja, ncha za mviringo, na kimo kwa upana ni 3 kwa 2. Kwa hiyo kimo 30, upana 20. Samaki wa chini kila mmoja anapata upana usiozidi 10 na kimo 15, na ndani yake kuna umbo la 田 (mwili wa samaki) lenye mistari mitatu ya wima. Ukivuka sentimita 1, matundu ya 田 yanakuwa madogo mno. Milimita 7 au 8 inatosha. Usimkuze yule wa juu kwa mistari minene kuliko wenzake, mpanue umbo tu.

Ukimaliza kuchora, geuza kila kitu kiwe umbo la mistari (curves), si maandishi ya fonti, kabla ya kupeleka kwenye mashine, la sivyo kompyuta ya huko itaweka fonti yake. Chapa karatasi ya saizi kamili, mteja asaini, ndipo ukate.