Mjadala: Virusi vya Ukimwi visipoonekana damuni, maziwa ya mama nayo ni salama?

Muuguzi, Malindi: Virusi vikiwa chini ya 200 kwa mililita ya damu, mume na mke huambiwa hakuna kuambukizana kwa kujamiiana. Ni kweli. Utafiti wa PARTNER, matokeo ya 2016 na 2019, haukupata hata mtu mmoja aliyeambukizwa na mwenziwe wa namna hiyo. Lakini mama anayenyonyesha hulisikia neno hilohilo akadhani na maziwa yamo. Hayamo, na tumwambie hivyo waziwazi.

Mfamasia, Lamu: Nakuunga mkono. Tenofovir na lamivudini, dawa za kupunguza makali ya virusi hivi, huingia vizuri kwenye shahawa. Maziwa ni jambo jingine: yana seli za kinga za mama, na ndani yake kuna virusi vilivyolala. Dawa huzuia virusi kuzaliana, haiui vilivyolala. Mtoto naye hunywa mara nyingi kwa siku, miezi na miezi. Katika utafiti wa PROMISE, mama akiwa kwenye dawa, walioambukizwa hadi miezi 12 hawakufika mtoto 1 kwa 100. Kidogo mno, ila si sufuri.

Mnasihi, Faza: Dada, ukiishia kwenye "si sufuri" umemtia hofu tu. Atampa mwana maziwa ya kopo mchana na ziwa usiku, majirani wasije wakauliza. Hapo ndipo hatari inapozidi: kuchanganya kabla ya miezi 6 huchubua utumbo na kuvifungulia virusi njia. Uji na maji ya sukari ni vivyo hivyo.

Muuguzi, Malindi: Basi aambiwe na la kufanya. Ziwa likivimba au chuchu ikipasuka, virusi vya kwenye maziwa huweza kuongezeka hata damu ikiwa safi: akamue upande huo amwage, anyonyeshe wa pili, aje atibiwe. Mtoto aendelee na sirapu ya nevirapini, dawa ya kumkinga, mpaka wiki 6 baada ya kuacha ziwa.

Mfamasia, Lamu: Na vidonge vya kuongeza damu! Madini ya chuma hushikamana tumboni na dolutegravir, nayo ni dawa ya virusi hivi, isifike damuni ipasavyo. Avimeze pamoja nayo akila chakula; tumbo likiwa tupu, dolutegravir itangulie saa 2, au ifuate baada ya saa 6.

Mnasihi, Faza: Hayo sawa. Ninachopinga ni kumpima wingi wa virusi damuni mara moja tu kwa mwaka. Anyonyeshaye apimwe angalau kila miezi 6. Kusi ikichafua bahari, mama wa kisiwa cha Kiwayu akakosa dawa wiki mbili, kipimo cha Januari hakisemi lolote kuhusu maziwa ya Juni.