Naomba ushauri: klachi mpya Landcruiser hardtop, inashikia chini kabisa

Habari wakuu, naombeni msaada kwa wanaozijua hizi gari. Nina Landcruiser hardtop ya injini ya 1HZ, nimebadilisha klachi seti nzima, pleti, presha (ile inayobana pleti) na beringi (ile inayosukuma presha ukikanyaga pedeli), flaiwili, lile gurudumu la injini ambalo pleti inashikia, nayo ikachongwa. Sasa tatizo pedeli inashikia chini kabisa karibu na kapeti, ukiachia kidogo tu gari inaondoka, na revasi haiingii bila kukwaruza hasa injini ikishapata moto. Nikipampu pedeli mara mbili tatu inapanda kidogo na gia inaingia vizuri, halafu nikikaa foleni inarudi kule kule.

Fundi anataka tuongeze urefu wa ile fimbo inayosukuma masta (pampu ya mafuta ya klachi), pale juu kwenye pedeli, tulegeze nati tuizungushe. Mimi naogopa, maana pedeli ikikosa uhuru kabisa, yaani ile nafasi ya kucheza kidogo kabla haijaanza kusukuma, beringi itakuwa inagusa presha muda wote na pleti itaungua bure, na hii seti imenigharimu jamani. Kwa akili yangu kama kupampu kunasaidia basi kuna upepo kwenye mfumo wa mafuta ya klachi au masta inapitisha mafuta ndani kwa ndani, kwa nje hakuna mafuta yanayovuja.

Wiki ijayo napeleka wageni Ziwa Natron, ile njia ya Mto wa Mbu ina mchanga na mawe, klachi ikigoma kule ni balaa. Nianze na kutoa upepo, nibadili masta, au fundi yuko sahihi?