Bunduki nne za upepo za marehemu baba: ibaki ipi, iuzwe ipi, apewe nani?

MwanaPangani (Leicester):
Assalaam alaykum. Baba alifariki mwezi wa tatu, Mungu amrehemu. Kwenye banda la bustanini tumekuta bunduki zake nne za upepo, zimeviringishwa blanketi kuukuu. Nyumba inarudishwa kwa mwenyewe mwezi ujao, na kwangu mimi hazienei zote.

Ya kwanza ni BSA Meteor ya 5.5 mm (upana wa tundu la mtutu). Hii ndiyo aliyonifundishia kulenga, kwenye shamba la rafiki yake Mwingereza, tukipiga makopo ya maharage. Mtutu unachezacheza kwenye bawaba. Ya pili Webley Mark 3, nayo ya 5.5, kitako kizuri cha mti wa walnati. Ya tatu Weihrauch HW35 ya 4.5 mm, karibu mpya. Ya nne ni nyepesi, imeandikwa "Original 27", sijui ni ya kampuni gani.

Mawazo yangu: HW35 nibaki nayo kwa kuwa ndiyo nzima, Meteor niitupe, Webley niiuze, hiyo nyepesi nimpe mtoto wa dada yangu, ana miaka 13 na anaipenda. Nisaidieni.

FundiSpringi (Birmingham):
Wa alaykum salaam, pole sana kwa msiba ndugu yangu. Kabla ya yote, zitoe bandani leo hii. Sheria hapa inakutaka uchukue tahadhari ili aliye chini ya miaka 18 asizifikie, na banda lenye kitasa cha waya si tahadhari.

Pili, usikoki hata moja (yaani kuivuta springi iwe tayari kupiga) ukauachia mtutu. Kwenye bunduki ya kukunja, ile ambayo mtutu wenyewe ndio unaokunjwa kuikoki, ikiwa meno ya kifyatulio yamelika, springi inaweza kuachia wakati wowote na mtutu ukarudi juu kwa nguvu ya kuvunja vidole. Ushike mtutu muda wote mpaka umeufunga. Na usifyatue bila peleti, yaani kile kirisasi chake kidogo. Ile hewa iliyo nyuma ya peleti ndiyo mto wa pistoni; bila hiyo pistoni inagonga chuma kwa chuma na springi inakatika.

Hiyo "Original 27" ni Diana, ya Rastatt, Ujerumani. Baada ya vita kuu ya pili jina la Diana lilichukuliwa na kampuni ya Milbro ya Scotland, kwa hiyo Wajerumani wenyewe wakawa hawana ruhusa ya kuliandika kwenye bidhaa zao wanazouza Uingereza. Wakaandika Original. Usiidharau kwa wepesi wake. Kifyatulio chake kinashikwa kwa vigololi vidogo vya chuma, laini kama siagi.

Kaole77 (Dar es Salaam):
Mimi napingana na mpango wako pale kwenye Meteor. HW35 bado unaweza kuinunua kesho na keshokutwa. Meteor aliyokufundishia baba yako, mkono wake ukiwa juu ya mkono wako, utainunua wapi?

FundiSpringi:
Naunga mkono, na kwa sababu ya kifundi pia. Meteor zilianza kutoka kiwandani 1959 na zilitengenezwa nyingi mno, vipuri vyake havisumbui. Mtutu kuchezacheza mara nyingi ni washa za bawaba (vile vipete bapa vya chuma) zimelika, au bolti imelegea. Hiyo ni kazi ya jioni moja.

Webley ndiyo ya kuangalia kwa makini. Haikunjwi mtutu, ina wenzo chini, na peleti inatumbukizwa kwenye koki inayozungushwa juu, mfano wa koki ya bomba la maji. Koki ile ikilika hewa inavuja, na kuichonga upya si kazi ya kila fundi. Jaribu hivi: weka karatasi mita kumi, piga peleti kumi. Zikikusanyika kwenye eneo la sarafu, koki ni nzima. Zikitawanyika huku mlio ukiwa wa kupuliza, muuzie mtu anayejua anachonunua, na umwambie ukweli. Halafu hakikisha hamna peleti iliyosahaulika ndani ya koki, haionekani kwa macho.

BiSalma_Glasgow:
Pole kaka yangu. Kuhusu mpwa wako: huko England mtu wa chini ya miaka 18 huwezi kumuuzia wala kumpa zawadi bunduki ya upepo, hata kama ni mwanao. Anaweza kupiga akiwa na mtu mzima wa miaka 21 na zaidi, mahali pa faragha penye idhini ya mwenyewe. Kwa hiyo mpe mama yake, naye aifungie. Huku kwetu Scotland ni kali zaidi. Tangu tarehe 31 Desemba 2016 lazima uwe na cheti cha polisi. Ukija kumuuzia mtu wa huku, mwombe cheti kwanza.

MsomiWaLamu (Mombasa):
Na asije mtu akakwambia zitie kwenye kontena uzilete nyumbani. Kenya sheria ya silaha inaihesabu bunduki ya upepo pamoja na silaha nyingine, inahitaji cheti.

Ila mimi nina swali ambalo wenzangu wamelipita. Hizi si zako bado. Ni tarika ya marehemu, mali aliyoiacha ya kurithiwa. Madeni yamelipwa? Dada zako wamesema nini? Umeandika "nibaki nayo, niuze, nimpe" kana kwamba ndiwe mrithi pekee.

MwanaPangani:
Shekhe, umenigusa pabaya, na ni haki. Madeni yamekwisha lakini sikuwauliza dada zangu. Nilidhani ni vitu vya wanaume.

MsomiWaLamu:
Thamani yake ni mali, na wao wana fungu lao. Zithaminishwe zote nne, uwaambie bei. Wakikuachia kwa radhi yao, hapo chukua kwa moyo mweupe.

MwanaPangani:
Narudi na habari. Tumekaa jana, sisi watatu na mama. HW35 ndiyo yenye bei kubwa, inauzwa, pesa zigawiwe kwa mafungu. Webley imetoa peleti tisa kati ya kumi kwenye eneo la sarafu. Dada mkubwa kaitaka mwenyewe, kumbe baba alikuwa anakwenda naye shambani kabla mimi sijazaliwa, na sikuwahi kulijua hilo. Original 27 inakaa kwa mama wa kijana, kwenye kabati la chuma, ufunguo anao yeye.

Meteor wameniachia. FundiSpringi, nitakuja Birmingham Jumamosi na washa za bawaba, kama una nafasi.

FundiSpringi:
Njoo baada ya adhuhuri. Usiipake mafuta yoyote kabla sijaifungua.