Wenzangu watatu wameomba kuhama ndani ya mwaka mmoja: ni mshahara au ni tunavyotendewa?

Muuguzi_Kibondo
Habari za jioni ndugu zangu. Nipo zahanati ya kijijini, wilaya ya Kibondo mkoani Kigoma, huu mwaka wa saba. Tulikuwa watumishi watano. Ndani ya mwaka mmoja wenzangu watatu wameomba uhamisho, wawili wameshaondoka. Juzi kwenye kikao kiongozi mmoja akasimama akatuambia vijana wa siku hizi hamna uzalendo, mnakimbilia pesa. Maneno hayo yamenikaa moyoni siku tatu. Waliohama wamekwenda na daraja lilelile, mshahara uleule, na gari la mizigo wamelikodi kwa fedha zao. Hiyo pesa wameikimbilia wapi? Mtu anaunga zamu mbili, anazalisha kwa mwanga wa tochi ya simu, asubuhi anaulizwa kwa nini rejesta haijajazwa. Hakuna anayemuuliza umekula, umelala. Naomba tujadili: mtumishi aipende kazi na aione ofisi ni yake, kinachohitajika ni mshahara au ni namna anavyotendewa?

Slipu_Nyekundu
Dada pole kwa zamu, ila usiwasemee watu. Fungua slipu yako ya mshahara uangalie makato: bodi ya mikopo asilimia 15, PSSSF (mfuko wa pensheni) 5, bima ya afya 3, chama cha wafanyakazi 2, halafu kodi, halafu benki. Kinachobaki ndicho cha ada, mchele na mama kijijini. Kima cha chini cha watumishi wa umma kilipotangazwa kupanda kutoka 370,000 hadi 500,000 kuanzia Julai 2025 tulishangilia wote, baadaye sisi wa madaraja ya kati tukaelewa lile ongezeko la asilimia 35.1 siyo letu. Mwenye deni dukani hata bosi amwite majina yote mazuri, akilini anahesabu tarehe.

Kijana_wa_Mjini
Tuseme ukweli tu. Nani anataka kukaa huko Kigoma, mwisho wa reli? Mtu kazaliwa Dar, kasoma Dar, unampeleka Kakonko. Hata apewe mshahara mara mbili ataondoka.

Ujiji_Kwetu
Kijana, huo mwisho wa reli unaousema una bandari inayohudumia Kongo na Burundi. Treni ikitoka huku inaanzia huku, kwa hiyo sisi ni mwanzo. Lami imefika Kasulu, umeme wa gridi ya taifa upo, mawese unayopikia huko huenda yametoka kwetu. Mnatuzungumzia kama gereza la kupelekea waliokosea. Mtumishi anayepangiwa Kigoma anafika kijijini kwetu na sura ya msiba, anatutibu kwa sura hiyohiyo, halafu mnatuambia tatizo ni mazingira. Tatizo ni haya maneno mliyomlisha kabla hajapanda basi.

Kijana_wa_Mjini
Sijatukana mtu. Ni jina mnalojiita wenyewe. Reli ilifika huko 1912 na mpaka leo mnajivunia hiyohiyo.

Njia_Panda_Tabora
1912 ilifika kwetu Tabora, mkuu. Kigoma ilifika 1914. Ukitaka kuwasema watu kwa historia yao, ijue kwanza. Na njia panda ni Tabora: wa Mwanza anapita, wa Kigoma anapita, wa Mpanda anapita.

Ujiji_Kwetu
Wanapita, hawashuki. Ndiyo maana wanaitwa abiria wa Kigoma.

Njia_Panda_Tabora
Wanashuka sana kununua asali, kaka. Waulize.

Muuguzi_Kibondo
Ndugu zangu, nimeuliza habari ya kazi.

Mstaafu_Sikonge
Wanangu, nimefundisha miaka 31, yote mkoa wa Tabora, kumi na minne kati ya hiyo Sikonge. Enzi zetu mtu akipangiwa kituo alikwenda. Nitawaambia kilichonishika. Mwaka wa pili mke wangu alijifungua usiku, mvua inanyesha. Mkuu wangu wa shule alikuja na baiskeli yake, akambeba mkunga. Asubuhi akaingia darasani kwangu, akashika vipindi vyangu vyote bila mimi kumwomba. Mshahara ulikuwa unachelewa mpaka tunakopa sukari, lakini nisingeweza kumwangusha mtu yule. Alipohamishwa nililia. Aliyekuja baada yake alikuwa anahesabu chaki. Mwaka huohuo na mimi nikaandika barua ya kuomba kuhama.

Slipu_Nyekundu
Shikamoo mzee. Kwa heshima zote, enzi zenu hamkukatwa bodi ya mikopo, na mafao ya kustaafu mlilipwa kwa kikotoo cha zamani, yaani hesabu ya zamani. Sisi 2022 tumeambiwa tutapewa asilimia 33 ya mafao kwa mkupuo, baadaye ikasogezwa 40. Unawezaje kunidai moyo wa kujitoa wakati sijui uzee wangu utakuwaje?

Mstaafu_Sikonge
Marahaba mwanangu. Sijakudai moyo. Nimesimulia nani aliuchukua wangu.

Msomi_Kasulu
Haya yamefanyiwa kazi zamani. Frederick Herzberg, Mmarekani, 1959, alizungumza na wahandisi na wahasibu wapatao mia mbili wa Pittsburgh. Akakuta vinavyomchukiza mtu kazini siyo kinyume cha vinavyomfurahisha. Mshahara, sheria za ofisi, usimamizi, mazingira, hivi vikiwa vibovu mtu ananung'unika. Vikiwa sawa ananyamaza tu, hajaipenda kazi bado. Upendo unaletwa na mambo mengine: kufanikisha kitu, kutambuliwa, kuaminiwa na jukumu, kupanda, na kazi yenyewe kuwa na maana. Kwa hiyo dada na Slipu wote wana hoja.

Slipu_Nyekundu
Wahandisi wa Pittsburgh walikuwa wanapanga chumba cha udongo kilomita nane kutoka kituoni? Usituletee wazungu walioshiba kutufundisha njaa yetu.

Msomi_Kasulu
Nimesema mshahara ukiwa hautoshi, mtu ananung'unika. Umeujibu mji, hukunijibu mimi. Na mimi nipo Kasulu kama wewe ulipo hapo, chumba changu kinavuja, nasoma usiku kwa sababu nataka kuelewa kwa nini naamka bila hamu ya kwenda kazini. Kusoma si kujitenga.

Slipu_Nyekundu
Samahani mwalimu. Hilo la kuamka bila hamu umenigusa.

Msomi_Kasulu
Tusameheane. Niongeze moja. Meyer na Allen, watafiti wa Kanada, 1991, walisema mtu hubaki kwenye taasisi kwa njia tatu. Kuna anayebaki kwa kuipenda, kuna anayebaki kwa kuona ana wajibu, na kuna anayebaki kwa sababu akiondoka atapoteza au hana pa kwenda. Ofisi zetu zinawahesabu wote watatu kwenye orodha ya waliopo na kusema watumishi wametulia. Wa tatu hajatulia, amekwama. Mnamjua: anasaini saa moja na nusu asubuhi, saa nne yuko kwenye bodaboda yake.

Shirika_Mpaka_Shirika
Mimi niliacha ualimu kwenda shirika la wakimbizi, mshahara karibu mara tatu. Slipu yako ningeitamani uione ile. Miaka minne, mkataba wa miezi sita sita. Kila Juni na Desemba tumbo linauma. Kambi ya Mtendeli ilipofungwa 2021 niliona watu wazima wanafunga mizigo bila kujua Jumatatu wanaamkia wapi. Nililipwa vizuri, sikuwahi kusema "kazini kwetu". Nilikuwa nasema "pale".

Mama_Uvinza
Kwani kwa nini wasiajiriwe wenyeji? Watoto wetu wa Uvinza na Buhigwe wamesoma, wana vyeti, wapo mtaani. Waajiriwe hapa, hawatahama, wana mashamba na bibi zao hapa. Tutaokoa na maneno ya mwisho wa reli.

Ujiji_Kwetu
Mama umemaliza. Hili ndilo jibu.

Muuguzi_Kibondo
Mama, mimi ni Muha wa Buhigwe. Nimezaliwa hapa, nasalimia wagonjwa kwa lugha yao. Uenyeji wangu haujanipa nyumba ya mtumishi wala barua ya daraja. Kupandishwa madaraja kulisimama 2016 kupisha uhakiki wa watumishi, tukavumilia kwa sababu tuliona sababu. Leo mtu aliyeajiriwa nyuma yangu amenipita, nimekwenda kuuliza mara mbili, nikajibiwa "subiri kwenye mfumo". Angeniambia jina lako halikuingizwa kwenye bajeti, ningeelewa. Kinachoniuma ni kule kutoinua macho kwenye simu wakati ananijibu.

Ujiji_Kwetu
Pole dada. Sikujua wewe ni wa nyumbani.

Muuguzi_Kibondo
Na ningekuwa wa Mtwara?

Ujiji_Kwetu
Umenishika. Ningekupa pole ileile, ila ningechelewa. Nisamehe.

Kijana_wa_Mjini
Mimi nilitania reli nikashambuliwa, sasa dada wa hapohapo anasema magumu kuliko niliyosema mimi mnampa pole.

Njia_Panda_Tabora
Yeye ana miaka saba zahanati. Wewe una miaka mingapi?

Kijana_wa_Mjini
Nilipangiwa Kaliua 2019. Nilikaa miezi mitano nikaacha kazi. Siku nimeripoti nililala kwenye benchi la ofisi ya kijiji siku tatu, fedha ya kujikimu ilikuja nimeshaondoka. Ndiyo maana nina uchungu na huko. Sikuusema kwa sababu hamkuuliza.

Mstaafu_Sikonge
Pole sana mwanangu. Mgeni halazwi kwenye benchi. Hilo kijiji kilikosa, na ofisi ilikosa.

Shirika_Mpaka_Shirika
Siku ya kuripoti ndiyo yenyewe. Mwenyekiti wa kijiji angempeleka kwa mtu mmoja tu mwenye chumba.

Slipu_Nyekundu
Na kujikimu kungelipwa kwa wakati angejipangia mwenyewe. Narudi palepale, pesa.

Hesabu_na_Fizikia
Samahani kwa kuingilia mjadala. Natafuta mwalimu wa sekondari wa kubadilishana naye. Mimi nipo Nzega, nakuja Kasulu, mume wangu yuko huko. Aliye tayari aniambie hapa, nitamwandikia pembeni.

Msomi_Kasulu
Nafundisha Fizikia. Nzega mjini au kijijini? Nyumba ipo? Na mkuu wako wa shule ni mtu wa namna gani?