Staa akiwa msibani, picha yake ni ya nani?

Wadau, naomba hili tulijadili bila matusi. Mimi ni mpiga picha, nina studio ndogo Mwanga, hapa Kigoma: pasipoti, harusi, kipaimara. Mwezi uliopita mwigizaji mmoja anayejulikana, simtaji, alikuja Ujiji kumzika bibi yake. Nilimkuta kwenye mkeka pamoja na wafiwa wenzake, kajitanda kanga, macho yamevimba, na mbele yake simu kama kumi zimeinuliwa. Kijana mmoja akamwambia, "Dada, angalia huku kidogo." Akajifunika uso kwa kanga. Jioni kijiweni kila mtu anasema dada anaringa, wakati sisi ndio tuliompa ustaa.

Mimi nasema alikuwa na haki, na nasema hivyo huku kamera ndiyo inayonilisha.

Najua mtajibu kwamba picha ndizo zilizomtoa. Ni kweli, lakini picha za mabango na kava za DVD alizikubali mwenyewe: alipakwa poda, akasimama mbele ya taa, akalipwa. Ujiji hakuja kazini. Mbona daktari tukimkuta msibani hatumpangii foleni atupime?

Kuna wanaosema ndivyo dunia ilivyo. Haya, mwaka 1973 huko New York, mwigizaji wa Marekani Marlon Brando alimpiga ngumi Ron Galella, mpiga picha aliyekuwa akimfuata barabarani, akamvunja taya. Galella hakukoma, baadaye alimfuata tena, safari hii kavaa helmeti. Ngumi siitetei hata kidogo. Ila mtu akifikia kuvaa helmeti ili apate picha, ajue anayempiga picha hataki.

Na hapa kwetu ipo Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023. Hakuna mahali iliposema staa ni mali ya umma.

Akija Uwanja wa Lake Tanganyika kutangaza filamu, akapunga mkono, mpigeni picha mpaka chaji iishe. Kinachonitatiza ni wale mastaa wanaowaita wenyewe watu wa blogu waje msibani. Hao wanawaponza wenzao, na hapo sina jibu zuri.

Siku ile nami nilipiga picha moja kabla hajajifunika. Kuna mtu alinipa bei, shilingi elfu hamsini. Jana usiku nimeifuta kwenye kadi. Mnaoona nimekosea, nielezeni kwa nini.